Mtoto Asiyejulikana Katika Ukoo: Namna ya Kufuatilia Alizaliwa Lini, Wapi na Nani Alimzaa

Tulipomaliza matanga ya bibi tulifungua sanduku lake la bati. Chini kabisa, chini ya kanga mbili ambazo hakuwahi kuzivaa, kulikuwa na kadi ya ubatizo iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo ikatoboka. Jina: Yona. Umri: miaka 4. Siku ya ubatizo: Pasaka, 1954. Mama: bibi yetu. Nafasi ya baba ilikuwa imepigwa mstari.

Bibi alizaa watoto saba, na wote tunawajua kwa majina, walio hai na waliotangulia. Yona hayumo. Halafu bibi aliolewa 1955. Kila aliyeishika ile kadi siku hiyo alipiga hesabu yake kichwani, akanyamaza.

Ilinichukua karibu miaka mitatu kujua Yona alizaliwa wapi na nani alimzaa, na nusu ya muda huo niliupoteza kwa kosa langu mwenyewe. Mwongozo huu ni wa mtu wa kwetu mikoa ya kati, awe Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Kondoa au Manyoni, aliyekutana na jina la mtoto kwenye karatasi, nyuma ya picha au mdomoni mwa mzee, na nyumbani hakuna anayejua katokea wapi. Mpangilio nitakaoueleza ni ule niliotakiwa kuufuata. Niliofuata mimi mwanzoni usiuige.

Hatua ya 1: Nakili kilichopo, herufi kwa herufi

Nunua kaunta buku moja, si karatasi za kuokoteza. Nakili karatasi yako kama ilivyo, makosa ya tahajia yakiwemo, kisha ipige picha mbele na nyuma ukiwa nje kwenye kivuli, maana mwanga wa jua kali unafuta wino uliopauka. Usiinyooshe kwa pasi. Nimemwona mtu akifanya hivyo na cheti cha mwaka 1948, akabaki na vipande.

Ukishanakili, iulize karatasi maswali matatu: iliandikwa lini, iliandikwa na nani, na huyo mwandishi aliambiwa na nani? Kadi ya Yona ni ushahidi wa ubatizo wa 1954. Kuhusu kuzaliwa kwake inasema tu kwamba mtu mmoja, siku ile, alimwambia mwinjilisti mtoto ana miaka minne. Tofauti hii inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayowapoteza wengi.

Vivyo hivyo kwa vyeti vya kuzaliwa. Angalia tarehe mbili kwenye cheti: ya kuzaliwa na ya kusajiliwa. Zikipishana miaka ishirini, ujue cheti kilitafutwa mtu alipotaka pasipoti au kazi, na tarehe ya kuzaliwa ilitokana na kiapo. Ukikuta tarehe 1 Januari au 1 Julai, ishuku zaidi. Mara nyingi ni mtu aliyejua mwaka tu, na karani akahitaji kitu cha kujaza.

Hatua ya 2: Liache jina, mtafute mama

Ningeruhusiwa kukuachia neno moja tu katika haya yote, lingekuwa hili. Jina la mtoto ndilo kitu kinachotufaa kidogo kuliko vyote, ingawa ndilo la kwanza tunalolikimbilia.

Fikiria mtoto wa Kigogo wa miaka ya 1950. Nyumbani ana jina alilopewa na bibi yake, huenda la babu aliyefariki, huenda la tukio: majina yenye mvula au nzala ndani yake yanakuambia kulikuwa na mvua au njaa. Kanisani anapewa Yona. Akienda shule mwalimu anamuuliza, "Wa nani?" naye anataja mtu anayelala nyumbani kwake, ambaye anaweza kuwa mjomba. Akienda kazini mkonge au mgodini anajiandikisha kwa jina la nne. Kumtafuta mtu huyo kwa jina moja ni kutafuta mbuzi mweusi usiku.

Mama hapotei hivyo. Mwanamke aliyejifungua alikuwa na mimba iliyoonekana, alikuwa na mkunga, alikuwa na jirani aliyemletea uji, na alinyonyesha karibu miaka miwili mbele za watu. Alama zote hizo zinamzunguka yeye, hazimzunguki mtoto.

Lakini angalia neno lenyewe, mama. Mimi ndipo nilipoanguka. Kadi ilisema mama ni bibi, basi nikakubali. Kwenye kikao cha ukoo nikasimama, mjukuu msomi mwenye kaunta buku, nikatangaza kwamba bibi alizaa kabla ya ndoa na kwamba tuna ndugu tusiyemjua. Shangazi yangu mkubwa hakunisemesha miezi minane. Nilipompelekea sukari na majani ya chai aliipokea, akaingia ndani, akafunga mlango.

Alikuwa na haki. Kwetu dada wa mama yako ni mama: mama mkubwa au mama mdogo, na mbele ya mgeni hayo "mkubwa" na "mdogo" hudondoka. Mwinjilisti anauliza, "Mama yake nani?" Wanamnyooshea kidole msichana aliyemleta mtoto kwa mkono. Anaandika. Hakuna aliyedanganya hapo.

Kwa hiyo, kila unapokuta "mama" kwenye karatasi ya zamani, orodhesha dada zake wote, waliokufa wakiwemo, na wake wenza kama walikuwepo. Kisha mpige hesabu kila mmoja: mwaka ule alikuwa na umri gani? Bibi yetu, kwa hesabu zote tulizoweza kufanya, mwaka 1950 alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu hivi. Hesabu hiyo ningeifanya siku ya kwanza ningeishi kwa amani na shangazi yangu.

Fanya na zoezi la mapengo. Andika watoto wa kila mwanamke kwa kufuatana, na miaka yao. Wanawake wa enzi hizo kwa kawaida waliachanisha watoto miaka miwili hadi mitatu. Ukiona 1944, 1946, halafu 1953, hapo katikati kuna jambo: mimba zilizoharibika, mume aliyekuwa safarini, au mtoto asiyetajwa. Jina linalojirudia nalo ni dalili, kwa kuwa mtoto aliyefariki huachia jina lake mdogo wake.

Hatua ya 3: Kaa na wazee, na usianze na swali lako

Anza na mzee kuliko wote, hata kama yuko mbali na kumbukumbu zake zinayumba. Madaftari yaliyodumu miaka sabini yatakusubiri miezi mitatu mingine, yeye huenda asikusubiri. Usiende mikono mitupu: kilo ya sukari, sabuni ya kipande, tumbaku kama anatumia. Nenda na mtu anayemwamini, hasa kama lugha ya nyumbani huielewi vizuri. "Mbukwenyi" ya mlangoni inafungua mengi, lakini ikiwa ndiyo Kigogo chako chote, chukua mkalimani wa ukoo, kwa sababu mzee akilazimishwa Kiswahili anafupisha.

Usiulize, "Yona ni mtoto wa nani?" Swali hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea: "Sijui." Uliza maisha yaliyomzunguka. Nani alikuwa analala kwenye tembe lile? Zizi lilikuwa la nani? Mwaka wa matrekta, nani alikuwa ananyonyesha? Mkunga wenu alikuwa nani, alikuwa anakaa upande gani wa korongo?

Mimi niliupata mlango kwa bibi mmoja, jirani wa zamani wa familia. Nilimkuta anabangua karanga kwenye ungo. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu," nikachukua karanga na mimi nikaanza kubangua. Tulizungumza habari za mvua, za mjukuu wake anayesoma, za bei ya alizeti. Saa nzima ilipita kabla sijalitaja jina.

"Yona?" Hakuinua macho. "Yona wa trekta?"

Nikasema labda ndiye.

"Yule si wa bibi yako. Yule wa dada yake, yule aliyekufa. Mimi na yeye tuliwaogeshea beseni moja, wangu na wake."

Nikaacha kubangua. Ukifika hapo jizuie, usimrukie kwa maswali. Nilimwacha amalize ungo wake. Baadaye ndipo nikauliza yule wake alizaliwa lini, akaingia ndani akatoka na kadi ya hospitali ya misheni ya mtoto wake wa tatu. Januari 1950.

Kitu kama hicho kina thamani kuliko cheti. Mtafute mwenzake: mtoto mwingine aliyezaliwa msimu ule ule, ambaye tarehe yake ina karatasi. Wazee hawakumbuki miaka ila wanakumbuka sana nani alitangulia kutembea, nani aling'oka meno na nani, nani alitahiriwa jando moja na nani. Waulize, "Yona na fulani, nani mkubwa?" Ukipata mmoja aliyemtangulia na mmoja aliyemfuata, umembana katikati.

Rekodi kwa simu ukiruhusiwa. Ukikatazwa, usirekodi kwa siri. Toka nje, kaa chini ya mti, andika kabla hujapanda bodaboda.

Hatua ya 4: Tengeneza kalenda ya kwenu

Mzee atakupa tukio, wewe utafute mwaka. Kwa Ugogo na maeneo ya jirani, vigingi hivi havitikisiki: reli ya kati ilifika Dodoma 1910. Njaa kubwa iitwayo Mtunya, iliyokuja na vita ya Wajerumani na Waingereza, ilikuwa kati ya 1917 na 1920. Mradi wa karanga wa Kongwa, ule wa matrekta, ulianza 1947 ukafungwa 1951. Uhuru Desemba 1961, Azimio la Arusha Februari 1967. Operesheni Dodoma, watu walipohamishiwa vijijini, 1970 na 1971. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma 1973. Vita vya Kagera 1978 hadi 1979. Kifo cha Sokoine, Aprili 12, 1984. Mvua za El Niño, 1997 kuingia 1998. Kifo cha Mwalimu, Oktoba 14, 1999. Ajali ya treni ya Juni 24, 2002, ile iliyomaliza watu wengi hapa kwetu.

Baada ya hapo ongeza vya kwenu: mwaka lambo lilipochimbwa, mwaka kanisa lilipoezekwa bati, mwaka chui alipoingia zizini kwa fulani. Matukio madogo ya kijiji yanabana vizuri kuliko makubwa ya taifa, kwa sababu yalitokea siku moja, mahali pamoja.

Ukishaupata mwaka, mwezi utaupata kwenye shamba. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili, na kazi za shamba hazichanganyikani. "Alizaliwa wakati wa palizi" ni Januari na Februari. "Tulikuwa tunaamia ndege" ni pale uwele na mtama vimetoa masuke, Machi na Aprili hivi. "Tumeshapura" ni Juni au Julai. "Maji ya kuchimba mchangani" ni kiangazi chenyewe, Septemba na Oktoba. Jihadhari na kitu kimoja: msimu wa mvua unakata mwaka katikati. Mzee akisema "mwaka ule wa mvua nyingi," anaweza kuwa anamaanisha Desemba ya mwaka mmoja na Machi ya mwaka unaofuata kama kitu kimoja, na ni kitu kimoja kweli. Wewe ndiye utakayekosea kwa mwaka mzima.

Kwa Warangi wa Kondoa na Waislamu wengine, jina lenyewe lina kalenda ndani yake. Juma ni wa Ijumaa, Hamisi ni wa Alhamisi. Rajabu, Shabani na Ramadhani ni miezi. Mwezi wa Kiislamu unarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka wa kawaida, kwa hiyo Ramadhani ya 1951 ilianza Juni, wakati wa mavuno, na ile iliyoanza mwaka 1967 ilikuwa Desemba, wakati wa kupanda. Bibi akikuambia, "Tulifunga huku tunapanda, na yeye akazaliwa," ameshakuondolea miaka mingi usiyoihitaji. Tahadhari ni kwamba Ramadhani wengine wamepewa jina la babu tu, na walizaliwa Mfungo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani.

Hatua ya 5: Jua mahali palikuwa panaitwaje siku ile

Hapa sitakaa sana, ila usiparuke. Kijiji unachokijua leo huenda hakikuwepo. Kabla ya Operesheni Dodoma watu waliishi wametawanyika, kila tembe na mashamba yake, na mahali mtoto alipozaliwa leo ni mahame: mibuyu miwili, mawe ya mafiga, vigae. Muulize mwenyekiti wa kitongoji jina la mahame. Kwenye madaftari ya zamani utakuta jina hilo, la kijiji hutalikuta.

Na wilaya zimegawanyika. Ukitafuta kumbukumbu za zamani za Kongwa, tafuta Mpwapwa. Za Chemba zitafute Kondoa. Bahi na Chamwino zilikuwa Dodoma Vijijini. Na enzi za mkoloni, Dodoma na Singida zote zilikuwa ndani ya Jimbo la Kati.

Hatua ya 6: Sasa nenda kwenye madaftari

Usianze hapa. Mtu anayekwenda ofisini bila mama, msimu na mahali anarudi na jibu la "haipo," na kweli anakuwa ameambiwa ukweli.

Anza na kanisa kama familia ilikuwa ya kanisa. Wamisionari wa CMS, shirika la Waanglikana wa Uingereza, walikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na Dayosisi ya Central Tanganyika ya Anglikana iliundwa 1927. Wakatoliki nao wana misheni za zamani, Bihawana ikiwa mojawapo. Kwa hiyo kitabu cha ubatizo mara nyingi ndicho karatasi ya zamani kuliko zote inayomtaja mtu wa kawaida wa huku. Omba kwa barua, eleza wewe ni nani, na uombe kuona ukurasa mzima badala ya mstari mmoja tu. Mistari ya juu na ya chini ndiyo inayosema. Yona alibatizwa pamoja na watoto wengine tisa siku ile ya Pasaka, na mstari uliomfuata ulikuwa wa mtoto wa yule bibi wa karanga, umri miaka 4. Yaani waliogeshwa beseni moja na wakabatizwa siku moja, na laiti ningeomba ukurasa mzima mara ya kwanza, ningejua wa kumtembelea.

Angalia wasimamizi wa ubatizo pia. Mara nyingi ni ndugu wa upande ambao haukuandikwa. Kwa Wakatoliki soma pembeni ya mstari, wanakoongeza kipaimara na ndoa: unaweza kukuta mtoto wako alioa parokia nyingine miaka ishirini baadaye. Na nafasi ya baba ikiwa tupu, usihukumu. Kanisa hilo haliandiki jina la baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa bila hati ya serikali, au bila baba mwenyewe kukiri mbele ya paroko na mashahidi wawili.

Shule inafuata, na watu wengi wanaisahau. Kila shule ya msingi ina rejista ya uandikishaji, na za zamani zimekaa kwenye kabati la mwalimu mkuu, kama mchwa hawajazifikia. Kuna shule moja niliyokwenda nikafunguliwa kabati, tukatoa kitabu, na kilikuwa na kava tu: ndani ni udongo. Umri wa kwenye rejista za miaka ile uchukulie kwa kiasi. Wengi waliandikishwa kwa kipimo cha sikio: mtoto anapitisha mkono juu ya kichwa, vidole vikigusa sikio la upande wa pili, basi ana miaka saba. Mtoto mwenye mikono mirefu alianza shule mapema. Yona yumo, aliandikishwa 1958, umri miaka 8, na mlezi aliyetajwa ni babu mzaa mama. Babu, wala si baba. Hapo nikajua kwamba kwa desturi mtoto alibaki kwa kina mama yake, ng'ombe za mahari hazikutolewa.

Zahanati na hospitali zina faida kwa watoto wa miaka ya karibuni zaidi. Tangu MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, ulipoanza miaka ya 1990, wodi ya wazazi ina rejista yake, Kitabu Namba 12, yenye jina la mama, tarehe na jinsia ya mtoto. Mtoto mwenyewe huwa hana jina humo, sababu nyingine ya kumtafuta mama kwanza. Taarifa hizo ni siri za mgonjwa: aombe mama mwenyewe au mtoto mwenyewe akiwa mtu mzima, la sivyo pitia kwa mganga mfawidhi na uwe na sababu ya maana. Kadi ya kliniki ya mtoto ikiwepo nyumbani, hiyo ni dhahabu, itunze mbali na mafuta ya taa.

Mwisho ndiyo RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Usajili wa vizazi ulikuwepo kisheria tangu 1920, enzi za Mwingereza, ila haukumlazimu Mwafrika. Ulikuja kuwa wa lazima baadaye, kwa awamu, eneo kwa eneo. Kwa hiyo kumkosa mtoto wa 1950 humo hakumaanishi chochote. Kwa waliozaliwa miaka ya 1980 kuja huku, nenda kwa msajili wa wilaya aliyoandikishwa mtoto, ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ukiwa na jina la mama, mahali na miaka miwili mitatu ya kupekua. Ukikuta cheti cha zamani, chukua namba ya ingizo. Hiyo namba ndiyo inayofungua daftari, jina linaweza kuwa limekosewa.

Nyaraka za serikali za kikoloni zinatunzwa Dar es Salaam, na Dodoma kuna Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu. Mtoto wako humkuti humo. Unakuta majumbe, njaa, magonjwa, watu waliohamishwa, yaani kalenda yako inanenepa. Nenda ukiwa na muda.

Hatua ya 7: Baba

Baba ndiye mgumu, na huku kwetu Kongwa ni mgumu mara mbili. Mradi wa karanga ulileta watu kutoka kila kona: madereva, mafundi, vibarua, wakapanda treni mpaka Msagali na kuingia porini. Mwaka 1951 mradi ulipofungwa wakaondoka, na watoto wakabaki. Ndiyo maana ya "Yona wa trekta." Bibi wa karanga alimkumbuka baba kwa kofia yake na kwa kupiga kinanda cha mdomo. Jina alilojua ni la utani tu.

Miaka ya 1960 wakaja wengine: wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wa ANC, FRELIMO, SWAPO na MPLA, waliokuwa na kambi Kongwa. Nao waliacha watoto, na kwa watoto hao kuna shida ya ziada: wengi wa wanaume hao walitumia majina ya kivita. Ukiwa na jina la baba wa aina hiyo, usilitafute Afrika Kusini, Namibia, Angola wala Msumbiji kama jina la kwenye cheti. Uliza kambi gani, chama gani, mwaka gani, alikuwa na kazi gani kambini. Mpishi, dereva na mganga wanakumbukwa zaidi.

Kipimo cha vinasaba kinasaidia tu kama kuna mtu hai wa kulinganisha naye, na ambaye amekubali. Hapa nchini kinafanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kuna sheria ya 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu. Huendi dirishani na mate yako kwenye chupa: ombi linapitia njia rasmi, kama mahakama, wakili au afisa ustawi wa jamii. Vile vipimo vya kuagiza kwa posta kutoka nje vinalinganisha watu waliopima tu, na kama hakuna ndugu yako wa Hogoro wala Mlali aliyewahi kupima, utaambiwa wewe ni Mwafrika wa Mashariki. Hilo ulishalijua.

Hatua ya 8: Kama mtoto yuko hai

Simama. Kuanzia hapo habari ni yake. Wewe uliyekuwa unaitafuta umeshakuwa mgeni. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake wa kumzaa na ndugu zake. Wewe haikupi haki ya kumtangaza. Mtume mtu wake wa karibu, mwenye busara, faragha. Kama alilelewa kwenye makao au aliasiliwa, pitia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kama aliokotwa, maelezo yake huwa yalianzia kituo cha polisi, na ustawi wa jamii ndio wanaojua jalada lilikwenda wapi.

Kuna mimba ambazo wazee hawazisemi kwa sababu zilitokana na kulazimishwa, au na mtu wa ndani. Mzee akikuangalia machoni akakuambia, "Hilo liache," liache walau mpaka yeye mwenyewe alirudie.

Na neno "haramu" usilitumie kwa mtoto, hata kwenye kaunta buku yako.

Hatua ya 9: Andika kwa ngazi

Usiandike jibu, andika ulichonacho na kilikotoka. Ninatumia kalamu kwa yaliyothibitishwa na vyanzo viwili visivyojuana, na penseli kwa mengine yote. Visivyojuana, nasisitiza: kadi ya ubatizo na kitabu cha ubatizo ni chanzo kimoja, maana kimoja kilinakiliwa kutoka kingine.

Kabla ya kusoma chochote kwenye kikao, kipeleke kwanza kwa mtu kitakayemgusa zaidi. Safari hii nilianza kwa shangazi. Alisoma kimya, akaomba penseli, akasahihisha jina la dada yake bibi, kwa sababu nilikuwa nimeliandika kama linavyotamkwa mjini. Kwenye kaunta buku sasa panasomeka hivi:

Yona, "wa trekta." Mama mzazi: dada mkubwa wa bibi (kwa kauli ya jirani na ya shangazi). Amezaliwa Kongwa, wakati wa palizi, Januari au Februari 1950 (mwenzake wa jirani ana kadi ya Januari 1950, ubatizo 1954 miaka 4, shule 1958 miaka 8). Baba: dereva wa mradi wa karanga, jina halijapatikana, penseli. Mama alifariki mtoto hajaacha ziwa. Amelelewa kwa babu mzaa mama, na bibi ndiye aliyembeba. Aliondoka kwenda kukata mkonge baada ya Uhuru. Shangazi anasema Kilosa, jirani anasema Tanga. Penseli.